Mguu, Pita

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mashine ya kukagulia watu kwenye mlango wa ukumbi wa manispaa ililia mara mbili. Mara ya kwanza alipopita mke wa fundi viatu. Mara ya pili alipopita mwanamume wa koti refu aliyekuwa nyuma yake. Mlinzi akasema "Mguu!" mara mbili, na wote wawili wakaingia.

Saa nne na nusu haijafika, watu kumi na mmoja walikuwa chini kati ya viti, wamepigwa risasi. Mke wa fundi viatu alikuwa mmoja wao, karatasi ya nyimbo za kwaya yake bado iko mkononi.

Fundi viatu mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kibandani kwake, anagongea kisigino cha mtu ambaye mpaka leo hajaja kuchukua kiatu chake.

Hilo neno "mguu" lina kisa chake. Mashine ile ililetwa kwa mbwembwe, wakubwa wakapigwa picha wamesimama katikati yake: nguzo mbili na boriti juu, kama fremu ya mlango iliyosahauliwa kutiwa mlango. Walinzi waliipa jina Mbea, maana haikuweza kuficha la mtu. Ukiwa na funguo, Mbea anasema. Ukiwa na mkanda, anasema. Na mke wa fundi viatu alikuwa na chuma pajani, alichowekewa tangu alipoanguka kwenye ngazi za kiwanda cha nguo. Kila Jumanne na Alhamisi alikwenda ukumbini kwa mazoezi ya kwaya, na kila akipita, Mbea alipiga kelele kama aliyeona mwizi.

Wiki ya kwanza walimweka pembeni, wakampapasa, wakamwambia aonyeshe kovu. Mama mtu mzima, anapandisha gauni mbele ya foleni! Alirudi nyumbani macho mekundu. Alhamisi iliyofuata fundi viatu alifunga kibanda akamsindikiza.

"Kijana, unamtafuta nini mke wangu?"

"Mzee wangu, Mbea kasema."

"Kasema nini? Huo ni mguu! Una chuma, na mimi naujua kuliko wewe unavyojua kufunga hizo kamba za viatu vyako. Tazama, moja inafagia sakafu! Akilia tena, sema mguu, mwache mama wa watu apite."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi akatazama viatu vyake, akacheka na yeye. "Haya. Mguu! Pita, mama."

"Mguu umeshukuru," mkewe akajibu, akampita huku anamfinya mumewe mkono. "Wewe mwanamume utaniua kwa aibu siku moja."

Ikawa ndiyo salamu yao pale mlangoni. Lakini neno nalo likaota miguu yake. Mkanda ukilia, walinzi wanasema mguu. Funguo zikilia, mguu. Msimamizi wa ukumbi, bwana wa shati jeupe na simu mbili, akaona foleni inakwenda mbio, akafurahi kwelikweli.

Hayo ya msimamizi fundi viatu aliyasikia baadaye, kwa mlinzi yuleyule. Alikuja kibandani baada ya kumaliza kuhojiwa, amekonda, akasimama nje kama mteja asiye na kiatu. Fundi viatu alitaka kumtimua. Alikuwa amemtengea maneno mazito, ameyanoa wiki nzima. Mwisho akamsogezea kigoda.

"Baba, nilimwambia mara nne," mlinzi akasema. "Nikamwambia, bosi, mashine inalilia kila mtu, masikio yetu yamekufa ganzi. Akasema wageni hawapendi foleni. Mashine ilie, nyinyi pitisheni. Na mimi nikichoka kuisikia, nikalale kwetu."

"Na zile kamera zilizojaa ukutani?"

"Zilimwona. Zilimwona tangu barabarani, mkono umo ndani ya koti. Ila chumba cha kuzitazamia kilijazwa viti vya plastiki. Mtu wa kukaa mle hakuajiriwa kamwe."

Fundi viatu akatema misumari iliyokuwa mdomoni, mmoja mmoja, kiganjani.

"Kamera kumi na sita," akasema, "na jicho la mtu hata moja hakuna."

"Ndiyo, baba." Mlinzi akainamisha kichwa. "Na lile neno, baba... lile neno mimi sikulileta pale mlangoni."

Fundi viatu aliinamia kiatu akaanza kugonga, na aligonga mpaka mlinzi akaondoka, na baada ya kuondoka akaona kisigino chenyewe kilikuwa kimekwisha kukaa zamani.

Ripoti ilipotoka, binti yake ndiye aliyemsomea. Fundi viatu aliacha shule darasa la nne kubeba sanduku la zana la baba yake, na barua za serikali humtoa jasho.

"Wameandika, 'hitilafu ya kibinadamu.'"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kosa la mtu, baba. Yaani mashine ilifanya kazi, mtu ndiye aliyekosea."

"Mtu gani?"

Binti akafunua mbele, akarudi nyuma. "Haijasema. Mlinzi wa zamu ameachishwa kazi. Msimamizi amehamishwa."

"Wapi?"

Binti akafuata mstari kwa kidole. "Makao makuu. Amepandishwa cheo."

"Anhaa." Fundi viatu akacheka kicheko kilichomtisha binti yake. "Karatasi tisini, mwanangu. Karatasi tisini, na huyo mtu hakupata hata mstari mmoja wa jina lake."

Mwaka ulipotimia ukumbi ukafunguliwa upya, na jamaa za marehemu wakaalikwa kwa barua yenye mhuri.

"Baba, usiende kuwapigia kelele," binti akamwomba.

"Sipigi kelele. Nitauliza swali moja tu. Nataka kujua ni mtu gani."

Binti alitangulia kukaa. Fundi viatu alichelewa, alitoka kibandani na koti lake la kazi. Mlangoni palikuwa na mashine mpya, nyembamba, inang'aa, na juu yake kamera inazungusha shingo. Msichana wa mapokezi akambandika kifuani karatasi iliyoandikwa FAMILIA. Akapita.

Mashine ikalia. Haikupiga kelele kama Mbea. Ililia taratibu, kama simu iliyopata ujumbe, na taa nyekundu ikawaka. Fundi viatu akasimama palepale, akainua mikono mwenyewe.

Mlinzi mpya akasoma karatasi ya kifuani, uso wake ukalegea kwa huruma.

"Pita tu, baba. Pole sana."

"Lakini imelia."

"Najua, baba. Wewe hatuwezi kukusumbua. Pita ukae."

Akapita. Baada ya hatua tano akatia mkono mfukoni, akakuta kisu cha kukatia soli ndani ya ala ya ngozi aliyoishona mwenyewe. Alikuwa amekisahau humo. Akakiacha mfukoni, akakaa kwenye kiti cha karibu.

Mbele, mwenyekiti wa manispaa alikuwa anahutubia. Alisema sasa mitambo ni ya kisasa. Alisema hata sindano haipiti mlango ule. Watu wakapiga makofi. Kisha jamaa wakaitwa mmoja mmoja kupokea picha ya marehemu wao ndani ya fremu.

Fundi viatu alipoitwa, alipokea picha. Mkewe alikuwa anacheka pichani, kichwa kimeinama kidogo, kama alipokuwa anamwambia mlinzi mguu umeshukuru. Akaikumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akatoa kisu, kikiwa ndani ya ala yake, akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, polepole, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake.

Walinzi watatu wakaruka, wakamshika mabega. Hakushindana nao. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake.

"Hiki kimepita mlango wenu sasa hivi," akasema. "Mashine imelia, taa imewaka, na mtu kanionea huruma. Msimfukuze. Huyo hana baya."

Binti yake, safu ya tatu, alikuwa amesimama, mikono mdomoni.

"Ripoti yenu inasema ni kosa la mtu. Basi mimi hapa. Lile neno la mlangoni lilitoka mdomoni mwangu. Nilitaka mke wangu apite bila kudhalilishwa, na akapita, na nyuma yake akapita muuaji. Sikumwambia yeyote, hata mwanangu yule pale. Leo nimejitaja." Akaigeukia meza ya mwenyekiti. "Kulikuwa na aliyesema pitisheni. Kulikuwa na aliyejaza viti chumba cha kutazamia kamera. Mimi ni wa kwanza. Wa pili ni nani?"