Wanawake Kumi Wasio na Mikono

Kila asubuhi, kabla milango ya jumba la sanaa haijafunguliwa, mimi hupita kwenye kuta na kitambaa kikavu na pimamaji ndogo. Nafuta vumbi juu ya fremu, naiweka pimamaji, nanyoosha kilichoinama. Siku hiyo nilikuwa kwenye picha ya kumi na mbili Mkurugenzi aliponiita kutoka ukumbi wa ndani, kwa ile sauti anayowawekea mafundi bomba.

"Wewe! Njoo uone kilichobandikwa!"

Aliyebandika ni Fundi wa fremu. Ila maneno yalikuwa yangu.

Wiki nzima nilikuwa naandika maelezo ya kuwekwa kando ya picha za Mzee, mchoraji anayeheshimiwa kuliko wote waliowahi kuonyesha kazi zao kwetu. Maelezo yetu yana mtindo mmoja: mchoraji anasifiwa, kisha anasifiwa tena. Na wiki hiyohiyo nilikuwa naandika insha ya kuzihakiki picha hizohizo, ya kuombea ufadhili wa wahakiki chipukizi wa sanaa. Ukichaguliwa, unapata mwaka mzima wa kutazama, kuandika, na kusahihishwa na wahariri wanaojua kazi. Nilichapa vyote kwenye kadi nyeupe za aina moja, nikaviacha kwenye trei moja. Fundi hasomi kadi, huzipima. Iliyoenea kwenye nafasi ndiyo aliyoibandika.

"Mimi niliona ndefu," alijitetea, gundi ingali vidoleni. "Nikasema, leo Mzee kasifiwa mpaka basi."

Mzee, aliyekuja mapema kukagua picha zake, alikuwa amesimama mbele ya kadi, miwani puani, anasoma kwa mara ya pili. Nilikuwa nimeandika: *Wanawake kumi wanafua, wanasuka, wanapepeta, na hakuna hata mmoja mwenye mikono. Huyu kafunikwa na povu, yule na moshi, yule na nguo. Tumezoea kuiita kasoro hii siri ya usanii.*

Mkurugenzi alinivuta pembeni. Barua ya kunipendekeza ilikuwa mezani kwake, haijasainiwa, na maombi yangefungwa saa sita mchana huo.

"Mwambie Mzee yalikuwa mazoezi ya chuoni. Hukumaanisha. Maneno mawili tu, nasaini."

"Na nisiposema?"

"Tafuta wa kukupendekeza kati ya sasa na saa sita. Mdomo huponza kichwa, mwanangu."

Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kumponza mtu. Chuoni, kwa kuwa sikuwa nazungumza darasani, mhadhiri mmoja aliniomba nifungue kinywa ahakikishe kama nina meno, darasa zima likacheka, nami nikacheka nao ili yaishe. Nikajua hata sasa naweza kufanya hivyo: nicheke kidogo, niinamishe kichwa, barua isainiwe.

Lakini mama yangu ni mfuaji wa mashuka ya hospitali. Jioni namkanda vidole kwa mafuta, kimoja kimoja, kwa sababu sabuni imevichana na havikunjiki vyote. Nilipoiona mara ya kwanza ile picha ya mfuaji, nilitafuta vidole hivyo. Nikakuta povu.

Nikamwendea Mzee. "Shikamoo."

"Marahaba, binti." Alivua miwani. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyotarajia, nikamwonea huruma, na huruma hiyo nusura inimalize. "Naambiwa karatasi zimechanganyika."

"Ndiyo. Fundi alikosea kadi."

Nyuma yangu nilimsikia Mkurugenzi akishusha pumzi.

"Basi hakuna neno," Mzee alisema. "Yaliyoandikwa hukuyamaanisha."

Nikajibu chini chini. Hata mimi sikuisikia sauti yangu.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Masikio yangu yamezeeka."

"Mtoto kasema amekosea," Mkurugenzi akadakia.

"Sijasema hivyo." Sauti ilikwisha kutoka na haikurudi. "Nimemaanisha kila neno, Mzee. Hujui kuchora mikono. Miaka yote hii umeificha, na sisi tukakusaidia kuificha kwa kuiita siri. Zile rangi zako za buluu ziliniliza, ndiyo maana nina hasira. Mama yangu anafua, na ana mikono. Kaa naye umtazame mpaka uweze kuichora."