Vijidudu vya Kibogoyo

Kwa maelezo ya Tarumbeta, mpasha habari wa bombani, mambo yalikuwa hivi: watu wa chuo kikuu waliyatoa majokofu yao chumba cha zamani wakayahamishia kwenye jengo jipya la utafiti, ili wageni waliotoa fedha wakija kukata utepe wayakute yamejipanga yanang'aa kama maharusi. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaenda zao. Umeme wa jengo haujaungwa mpaka leo. Jenereta likamaliza dizeli, likanyamaza, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu, hakuna aliyekanyaga mle ndani.

"Kufungua mlango, shoga, mlinzi katapika! Mavi ya watoto wa mtaa mzima yameyeyuka. Wa tajiri, wa maskini, yote uji mmoja!"

Wanawake pale bombani walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mmoja akasema afadhali, yeye tangu mwanzo aliona haya kumpa msomi mavi ya mwanawe kwenye kichupa kama manukato.

Mshonaji peke yake hakucheka. Tarumbeta alipomwona akajiziba mdomo. "Jamani! Nimejisahau. Nisamehe, mwenzangu."

Zamani angemwita Mama Kibogoyo. Mtoto alipewa jina hilo kwa sababu alianza kucheka mapema, ufizi wote nje, na kuhara kukamwondoa kabla hajaota hata jino. Tangu siku ile watu walilikwepa jina kama shimo njiani. Nguo zake mama mkwe alizigawa. "Usifuge kidonda, mwanangu," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Kilichobaki ni neno la Dada Kisanduku, yule mtafiti wa chuo aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha barafu, akikusanya vile vichupa. Alipokuja kutoa pole alisema vijidudu vya tumboni mwa mtoto havijafa, vimelala tu kwenye baridi kali. Jengo likiisha wataviamsha, wavisome, wajue mbona watoto wengine wanapona na wengine hawaponi. Mshonaji hakuelewa nusu ya maneno hayo. Lakini "havijafa" alilielewa. Akawa anapita pale kila apatapo nafasi, anatazama kuta zinavyopanda, mara madirisha, mara rangi, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Hata mumewe hakumwambia.

Sasa aliiacha ndoo bombani, akaenda jengoni.

Ukumbini vigae viling'aa, na juu waya zilining'inia bila taa. Harufu ya dawa ya kusafishia ilijitahidi kufunika nyingine, isiweze. Dada Kisanduku alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu hadi viwiko, anafunga mifuko ya taka.

"Hodi."

"Karibu, Mama Kibogoyo."

Yeye hakuwahi kulikwepa jina. Mshonaji alijikaza kisabuni. "Nimesikia maneno bombani. Tarumbeta naye kwa kutia chumvi!"

"Safari hii hakutia."

"Na vya kwake?"

"Vimekwenda na vya wenzake, dada. Tumevichoma."

"Hata kimoja? Si ulisema ni vingi kuliko watu wa dunia nzima?"

"Vilikuwa vingi. Vikipata joto, vile vikali vinavimaliza vingine. Kilichokuwa kimebaki hakikuwa chake tena." Akavuta mfuko mwingine. "Nilimwambia mkuu tungoje umeme kwanza. Akasema wageni hawaonyeshwi vyumba vitupu. Nami nikabeba."

"Mtaanza upya?"

"Na nini? Wafadhili wamejitoa. Mwisho wa mwezi hata mlinzi anaondoka."

Nje mtu alikuwa akigongagonga mabati, akaacha. Mshonaji aliyatazama majokofu, milango wazi, ndani meupe kama yametoka dukani.

"Hivi mtoto huvipata wapi hivyo vijidudu? Anazaliwa navyo?"

"Vingi anavipata kwa mama yake. Wakati wa kuzaliwa, na kwenye kunyonya."

"Kwa hiyo vya kwake nilimpa mimi."

"Ndiyo."

"Basi mbegu yake bado imo humu." Akaweka kiganja tumboni. "Nipe kichupa, dada. Chukua vyangu. Vitunze popote utakapopata baridi."

Dada Kisanduku alikuwa ameshaufunga mfuko. Akalifungua fundo, akalifunga tena.