Seva ya Kasanga

Mama yangu alikuwa haoni, na kwa ajili yake nilirudi Sumbawanga. Naliweka hili mbele kabisa, kwa sababu watu wa kampuni wakisimulia habari hii huanza na kompyuta, nami nimechoka kuisikia ikianza na kompyuta.

Jina lake Bertilla, ila mtaa mzima ulimwita Mama Albina, kwa jina la dada yangu mkubwa aliyeolewa kijiji cha Kate. Macho yake yalianza kufifia nilipokuwa Dar es Salaam nasomea kompyuta. Siku niliyopigiwa simu kwamba amejimwagia maji ya moto miguuni akidhani anamimina kwenye sufuria, nilifunga mizigo. Kwenda kwa Albina alikataa; hakutaka kuongozwa chooni mbele ya wakwe wa binti yake, na hilo halikuwa na mjadala. Nyumba yetu aliijua kwa viganja: ukuta, mlango, jiko, banda la kuku. Mgeni angekaa naye saa nzima asijue kwamba haoni, isipokuwa awe ameacha ndoo njiani, maana hapo angetukanwa.

Kwa hiyo nilitaka kazi Sumbawanga. Si Mbeya, si Mpanda, Sumbawanga. Na mwaka 2005 mtu aliyesomea seva alikuwa na mlango mmoja tu wa kugonga pale mjini, nao ni Kampuni ya Mizigo ya Lyamba.

Lyamba ilikuwa ya wazee waliowahi kuwa maofisa wa ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara ikaachiwa kila mwenye nguvu, wakachanga, wakanunua malori, wakaanza kushusha mahindi na ulezi hadi Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, yapakiwe kwenye boti za kwenda Zambia na Kongo, na kupandisha dagaa. Baadaye wakafungua ghala Kipili. Mwenyekiti wao, Mzee Kasimiri, alipata komunyo ya kwanza siku moja na mama yangu. Alinipenda tangu nikiwa mdogo, na ninyi mtakaosoma mtaona mapenzi yake yalivyonifanya.

Wazee walikuwa wamesikia kwamba iko mifumo ya kuendeshea seva ambayo mtu haombi leseni kwa yeyote: unaipata, unaifungua, unaitengeneza upendavyo. Wakasikia pia kwamba iko ya aina nyingi. Watu hawa hawanunui jembe bila kulipima uzito kwa mkono, wakalirudisha, wakalipima tena. Wakaamua kuita mafundi watatu, kila mmoja na mfumo wake, ishindanishwe ofisini mbele ya bodi nzima. Atakayeshinda ataajiriwa makao makuu, Sumbawanga.

Shedrack alitoka Dar na Red Hat. Kijana nadhifu, mwenye maneno ya kupangika. Aliwaambia wazee kwamba mfumo wake ndio unaotumiwa na makampuni makubwa, na kwamba nyuma yake kuna watu wa kuwapigia simu ukikwama. Margareth alitoka Mbeya na FreeBSD. Alikuwa mpole, anajua kazi yake barabara, na alieleza vizuri kuliko sisi wote jinsi mfumo wake unavyokaa imara mtandao ukiwa na purukushani. Mimi nilikuja na Debian na mkoba uliojaa sidii.

"Hizo zote za nini?" akauliza Mzee Kasimiri.

"Ni ghala, mzee. Kila programu tutakayoihitaji imo humu. Hatutegemei mtandao."

Wazee walitazamana. Ghala walikuwa wanalielewa.

Siku ile umeme ulikatika wenyewe kabla hawajatuambia tuuzime ili waone mashine zitaamkaje, jambo ambalo kwa Sumbawanga ya wakati ule halikumshangaza mtu. Uliporudi, mashine zote tatu ziliamka bila kasoro. Nasema haki: hakuna mfumo hata mmoja uliokuwa mbovu. Kisha mhasibu akaleta ile printa yao ya zamani, ya kupiga sindano, inayotoa hati ya mzigo nakala tatu kwa mpigo mmoja. Bila hati hiyo lori halipiti kizuizi. Akasema, haya, tuone nani atachapa.

Mashine zote zilikosa programu ya printa ile. Shedrack alihitaji kuivuta mtandaoni, Margareth vilevile, na laini ya simu ya mji ilikuwa imelala tangu asubuhi. Wakasubiri kwa heshima. Mimi nikapekua mkoba, nikatia sidii, nikatia nyingine, na printa ikaanza kulalamika kwa ile sauti yake. Hati ikatoka. Mzee mmoja aliikata, akaitazama mbele na nyuma, akampa jirani yake. Ikazunguka meza nzima.

Nilishinda. Hilo hakuna aliyelibisha, hata Shedrack alinipa mkono. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama, naye akacheka akasema basi sasa atapata mtu wa kumgombeza mpaka afe. Tulichinja kuku.

Kesho yake tuliitwa kusikia uamuzi. Kulikuwa na chai, maandazi, na maneno marefu ya shukrani. Kisha Mzee Kasimiri akasimama.

"Tumelala na jambo hili," akasema. "Kijana wetu Polikarp ameshinda, na tumefurahi, maana ni damu yetu. Lakini hawa wenzake wametoka mbali. Mtu akufuate mpaka nyumbani kwako, umrudishe mikono mitupu? Sisi hatujalelewa hivyo. Vituo tunavyo vitatu. Tumeona kila mmoja apewe kituo, na mfumo wake auweke huko. Wageni wachague kwanza."

Nilidhani sijasikia vizuri. Margareth aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini angefanya nini, alihitaji kazi kama mimi. Shedrack akachagua Sumbawanga. Margareth akachagua Kipili. Kasanga ikabaki.

"Polikarp ataelewa," Mzee Kasimiri akaendelea, na uso wake ulijaa upendo wa kweli, hilo ndilo linaloniuma. "Mtoto wa nyumbani hagombei nyama na mgeni."

Wazee wakaitikia. Walinivika kilemba cha ukoka, wakanisifu adabu yangu kabla hata sijaionyesha. Mafundi watatu na mifumo mitatu kwa kampuni ya malori machache. Mtu yeyote aliyesoma hata muhula mmoja angewaambia ni wazimu. Niliwaambia. Nilisema seva hazigawanywi kama mnofu, kwamba mmoja akiugua au akiondoka, wawili waliobaki hawataujua mfumo wake. Wakanisikiliza mpaka mwisho, wakanishukuru kwa mchango.

Nikamfuata Mzee Kasimiri nje. "Mzee, kuna mama. Haoni. Na Kasanga ni joto, kuna mbu."

Akanishika bega. "Mama yako namjua kabla yako. Nenda kwanza. Tutaliangalia."

Nilijaribu kwenda peke yangu. Nilimwacha na jirani yetu Kristiana, mwanamke mwema. Baada ya wiki chache Kristiana akanitumia ujumbe kwa dereva: mama hali chakula, anakaa mlangoni na mzigo wake umefungwa. Nikapanda kumfuata. Sikuwa na kazi nyingine ya kumlisha, na yeye hakuwa na mtoto mwingine karibu wa kumgombeza.

Sisi watu wa juu tunazaliwa kwenye baridi. Mama aliishi miaka yote akiwa na sweta na vitenge viwili, na malaria alikuwa akiisikia kwa watu waliokwenda ziwani wakarudi wanatetemeka. Lori lilipoanza kuteremka ukingo wa bonde, alivua sweta. Chini zaidi akavua kitenge kimoja. Tulipofika Kasanga akauliza, "Hapa watu wanapumulia wapi?" Dereva alicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Nyumba ya Kasanga hakuijifunza. Alijaribu, mikono mbele, lakini alijigonga kila siku, na kila alipojigonga alinyamaza. Mama yangu, mtu wa kutukana ndoo, alinyamaza. Nilimfungia kamba kutoka kitandani hadi mlangoni, aishike. Aliishika siku ya kwanza ili nisijisikie vibaya, kisha akaacha kutoka. Nilimwekea chandarua. Usiku alikiondoa kwa sababu alisema kinamziba pumzi.

Na seva? Seva ilikuwa nzuri mno. Niliiwekea betri za lori, nikaipangia kila kitu, na haikuzima. Boti ikifika, hati zinatoka. Lori likishuka, hati zinatoka. Nilikuwa nakaa kuitazama ile taa yake ya kijani inavyopepesa, nikaichukia kama mtu anavyomchukia ndugu aliyefanikiwa. Ingekuwa inaharibika ningekuwa na sababu ya kuitwa juu.

Kwenye vituo vingine mambo yalikwenda kama nilivyosema, na sikupata raha yoyote kwa kusema kweli. Shedrack alipata kazi nzuri zaidi Dar na akaondoka. Mashine yake ikakaa salama salimini, ila hakukuwa na mtu wa kuigusa. Margareth aliolewa Mbeya. Wahasibu wakarudi kwenye kalamu. Mara mbili nilipanda kuomba nihamishwe makao makuu. "Kiti kiko wazi, mzee," nilisema. "Mimi nipo. Mama anadhoofika."

"Tutaliangalia. Lakini tukikutoa wewe, Kasanga itakufa, na Kasanga ndiyo inayotuweka mjini. Vumilia kidogo, mwanangu."

Mvua zilipoanza, bodi ilishuka kuja kukagua. Walisimama mbele ya seva wakiwa wamelowa jasho, wakaniuliza imezima mara ngapi. Nikasema haijazima. Wakapeana macho ya furaha. Mzee Kasimiri akaingia kumsalimia mama. Walizungumza Kifipa, wakacheka habari za katekista wao wa zamani. Alipotoka aliniambia, "Amekonda." Nikamwambia ndiyo, mzee, amekonda. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akapanda gari.

Mama alianza homa wiki iliyofuata. Ya kwanza alipona. Ya pili ilimlaza, na muuguzi wa zahanati alimtundikia dripu ya kwinini, akafanya yote aliyoweza. "Mwili wake haujazoea," aliniambia. "Mtu wa huku angekuwa ameshaamka." Nilimkanda kwa maji, nikamwambia tunarudi nyumbani, nimeshaongea na wazee. Ulikuwa uongo. Akaniuliza kama Kristiana ameshafagia uwanja. Nikasema ameshafagia. Akafa mchana, jua likiwa kali, mkono wake ukiwa juu ya ukuta ule asioujua.

Tulimpandisha kwa lori la kampuni, juu ya magunia ya dagaa, mimi na Albina aliyeshuka haraka akachelewa. Nilikuwa namfunika njia nzima kwa turubai ili mvua isimpate, na tulipofika juu, baridi ilipotupiga, Albina alimvalisha sweta. Nililia pale kama mtoto, sikujali dereva.

Siku ya kumaliza matanga, uwanja wetu ulijaa. Wazee wa Lyamba walikuja wote, wamevaa makoti yao, wakakaa mstari wa mbele. Padri alipomaliza, Mzee Kasimiri akaomba nafasi ya neno. Alimsifu mama mpaka wanawake wakaanza kulia upya. Naye alilia, akafuta macho kwa leso.

"Na sisi bodi tumekaa," akasema. "Tumelinganisha vituo vyote mwaka mzima, kama ilivyo desturi yetu ya kutokimbilia jambo. Tumeona wazi kwamba mfumo wa kijana wetu ndio unaotufaa. Tunauweka kila kituo. Naye tunamrudisha hapa makao makuu, kuanzia Jumatatu. Atafundisha mtu mwingine wa kushika Kasanga. Tumempa na nyumba ya kampuni, ile ya nyuma ya ofisi, ya vyumba viwili, ina ukuta na bomba ndani. Mtu mzima anaweza kuishi mle bila kutoka nje kutafuta maji. Mama yako angefurahi, Polikarp."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mtu akasema wazee hawa wana utu. Walikuwa na utu kweli, na ndio ulioniacha bila mtu wa kumpiga. Albina alinikazia macho nisiseme nililotaka kusema.

Mzee Kasimiri alinyoosha mkono wenye funguo. Nikainuka, nikapita katikati ya waombolezaji, nikazipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mzee," nikasema.

Siku hizi nalala chumba cha mbele. Cha pili sijakifungua.