Gauni Lililofuliwa

Kifuniko cha sufuria ya wanga kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, tiki, tiki, tiki, kama meno ya mtu mwenye homa. Dobi alikuwa ameibandika sufuria akarudi kuketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Wanga ule ulikuwa wa kukazia kola za mashati ya watu, na kwa miaka arobaini hakuwahi kuuacha ufurike. Siku hiyo aliusikiliza mpaka ukamwagikia moto, ndipo akainuka.

Hakuwa amelala. Wale wa filamu walikuwa wanakuja saa mbili, naye alikuwa na neno ambalo kwa miaka minane halijapita kooni.

Mwongozaji wa filamu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusubiri. Alikwisha kutengeneza filamu mbili, zote za wanawake waliopigwa na maisha wakainuka. Kaka zake, alisimulia mwenyewe, walimshauri apige video za harusi, maana huko hakosi pilikapilika. "Nikawaambia, harusi nitazipiga siku nitakapokubaliwa nirudi baada ya miaka mitano nione zilivyoishia." Dobi alicheka siku hiyo mpaka akajifuta machozi. Alimpenda mgeni huyu tangu alipomwona anamaliza chai, kisha anaosha kikombe bila kuambiwa.

Wiki iliyopita mwongozaji alimwonyesha, kwenye kioo kidogo cha kamera, maneno ya mwanawe, Kitindamimba. Huyu ndiye aliyepigwa na mumewe kwa mguu wa kiti mpaka jicho moja likaenda. Mahakamani mume alisema mkewe aliteleza bafuni. Ushahidi haukutosha. Bwana akatoka akipiga mluzi, na mpaka leo anaishi mtaa wa pili, na akikutana na Dobi njiani husalimia.

Kwenye kioo Kitindamimba alitazama mbele kwa jicho lake moja. "Polisi walipoteza gauni langu," alisema. "Lilikuwa na damu toka kola hadi pindo. Lingefika mbele ya hakimu, yule mtu angekuwa ndani mpaka leo. Nataka watu wajue. Walilipoteza."

"Filamu nzima nitaijenga hapo," mwongozaji alimwambia Dobi. "Askari aliyeshika kesi amestaafu, lakini amekubali kuhojiwa. Nikimaliza kwako, kesho yake nakwenda kwake. Nitamuuliza gauni liko wapi."

Tangu siku hiyo chakula hakikupanda.

Walifika saa mbili kamili, mwongozaji na binti wa kunasa sauti. Binti alikishika kile kipaza sauti kidogo viganjani kwa muda kabla ya kumbandika nacho Dobi kifuani. "Kina baridi, bibi," alisema. "Nakipasha kisikushtue." Mwongozaji naye akaketi sakafuni, pale penye maji, ili kamera iwe usawa wa macho ya mzee, isimtazame kutoka juu.

"Utalowa, mwanangu."

"Nitakauka, mama. Wewe fua tu, utueleze kazi yako."

Dobi akaingiza mikono beseni­ni. Akaeleza kwamba tope huachwa likauke kwanza, ukilivamia likiwa bichi unalieneza. Mafuta yanataka maji ya moto. Makwapa ya mashati ya makarani yanataka subira kuliko sabuni, na binti wa sauti akacheka puani.

"Na damu?" mwongozaji akauliza. Aliuliza vivi hivi tu, bila mtego.

"Damu haingoji. Maji baridi na chumvi, papo hapo. Ikishakauka, nguo imekwenda." Mikono yake ikatulia ndani ya maji. "Ndivyo nilivyofanya."

"Ulifanya nini, mama?"

"Polisi hawakulipoteza gauni. Nililifua mimi."

Dobi akaendelea, maana alijua akinyamaza hatalisema tena. Alisema nesi alimpa gauni kwenye mfuko wa plastiki, mwanawe akiwa ndani anashonwa. Alirudi nyumbani akiwa hajui kama mtoto atapona. Hakukaa, hakulia. Mikono ilichukua beseni yenyewe, ikatafuta chumvi yenyewe. Alifua mpaka maji yakatoka meupe, akaanika, akapiga pasi. Asubuhi alilipeleka kituoni limekunjwa. Askari alilikunjua, akaligeuza mbele na nyuma, akasema, "Mama, mbona umetuletea nguo ya sherehe?" Akamrudishia. Jioni ile alilichoma nyuma ya nyumba.

Mwongozaji alinyoosha mkono, akazima kamera.

"Kwa nini unazima?" Dobi akauliza.

"Hili halikuwa langu kulisikia wa kwanza. Yeye anajua?"

"Alikuwa amefungwa bandeji uso mzima. Akaniuliza, mama, gauni wamelichukua? Nikasema wamelichukua. Baadaye nikasema wamelipoteza. Uongo ukishapiga hatua ya kwanza, ya pili haikuombi ruhusa."

"Kesho yule askari atanieleza."

"Najua. Ndiyo maana nimelisema leo."

Mwongozaji akasimama, sketi imelowa. "Twende kwake sasa hivi, mama. Kamera itabaki hapa."

"Atanikataa."

"Huenda."

Dobi alishukuru moyoni kwamba hakudanganywa.

Kitindamimba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, kwenye meza ya kufungashia. Alitoka mlango wa nyuma, kofia ya wavu kichwani, unga kwenye nyusi. "Nani amekufa?" aliuliza alipowaona.

"Hajafa mtu," Dobi akasema. "Kaa, mwanangu."

"Nina dakika kumi, mama. Sema nimesimama."

Dobi akasema. Hakujitetea, hakuzunguka. Mwongozaji alikuwa amesogea mpaka kwenye ukuta, akawapa mgongo.

Kitindamimba hakupiga kelele. Alijipangusa unga kwenye nyusi. Kisha akauliza, "Ulilipiga pasi?"

"Nililipiga."

"Na kola?"

"Na kola."

Akacheka, kicheko kikavu, cha mara moja, kilichomuumiza Dobi kuliko tusi. "Miaka minane nawalaani askari. Nimewalaani na watoto wao. Nimelia mbele ya kamera, mama. Na yule mtu nampisha njiani akienda sokoni, nikijiambia ni bahati yangu mbaya. Kumbe ni sabuni yako."

"Ni mimi."

"Usiseme ni mimi kama mtu anayeitika jina shuleni."

Kengele ya ndani ikalia. Kitindamimba akaingia bila kugeuka, mlango ukajifunga.

Walimngoja. Dobi alisema mwongozaji aende zake, ana kazi. Mwongozaji akasema kazi yenyewe ndiyo hii, akaketi naye kwenye kreti tupu za mikate. Jua lilipowafikia alihama upande wa pili, kivuli chake kikamwangukia mzee. Hakusema kwa nini amehama. Saa zikapita. Dobi alifikiria nyumba yake bila mwanawe kuingia, na akaona kwamba ataendelea kufua tu, maana hajui jambo lingine la kufanya na mikono.

Saa tisa wafanyakazi wakatoka. Kitindamimba alikuwa wa mwisho. Jicho lake lilikuwa jekundu. Alipita mbele ya mama yake, akaenda moja kwa moja kwa mwongozaji.

"Niliyosema kuhusu polisi, yafute."

"Nitayafuta."

Kisha akamgeukia mama yake. "Nesi alipokupa ule mfuko, alikwambia nini?"

Dobi akafikiri. "Alisema, pole mama."

"Basi?"

"Basi."

"Hakusema nguo usiifue? Hakusema hii ipeleke kituoni ilivyo?"

"Hakuna aliyesema. Wala sikuwahi kusikia popote."

Kitindamimba alimtazama mwongozaji. "Hilo liweke. Liweke la kwanza kabisa, kabla ya sura yangu. Nguo ile ilipita mikono mingapi, na hakuna aliyefungua mdomo." Alivuta pumzi. "Atalisema mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa pale pale nasikia. Bila hivyo hakuna filamu."

"Nitalisema," Dobi akajibu.

"Sikukuuliza wewe."

Alianza kuondoka. Alikwenda hatua kama kumi, akasimama, akarudi nusu ya njia. Uso haukuwa umelegea hata kidogo.

"Bado nina hasira na wewe, mama. Za leo hata robo hujazisikia."

"Naona, mwanangu."

"Njoo nyumbani Jumapili uzisikie zilizobaki. Na hiyo nyingine pia uje, maana sidhani kama zitaisha siku moja."