Jicho la Shangazi

Shangazi mwenyewe ndiye aliyejitolea. Gego lake la chini lilikuwa limeoza likabaki tundu, na aliposikia kwamba Chiriku, mtoto wa kaka yake anayesomea udaktari wa meno, ameruhusiwa kuchoma sindano ya ganzi kwa mara ya kwanza, alisema haendi kwa mwingine.

Chiriku walimpa jina hilo kwa kupenda maneno. Asubuhi ile alijinong'onezea kazi tu. Hatua alizijua kwa kichwa: ingiza sindano nyuma ya gego la mwisho, isogeze mpaka ncha iguse mfupa, vuta kidogo uone kama kuna damu, ndipo usukume dawa. Aliingiza, akaisogeza. Mfupa hakuupata. Shangazi akakunja uso, naye Chiriku kwa kutaka yaishe akasukuma dawa yote.

Dakika tano zikapita, mdomo haujapata ganzi. Ila shavu la kulia lilikuwa linashuka.

"Shangazi, hebu fumba macho."

La kushoto likafumba. La kulia likabaki wazi, linamtazama.

Chiriku aliwaza neno moja. Kiharusi. Akilini alimwona baba yake akipokea simu ya habari hiyo.

"Mbona umenitolea macho?" shangazi akauliza, maneno yakimtoka upande mmoja.

Mwalimu wake, daktari wa upasuaji wa kinywa, aliitwa kutoka kiti cha tatu, alikokuwa na mgonjwa mwingine.

"Uligusa mfupa?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari ulimini mwa Chiriku. Akaimeza.

"Sikuugusa, mwalimu. Nilisukuma tu."

Mwalimu hakufoka. Alimwambia shangazi ambane vidole kwa mikono yote miwili, kisha anyanyue nyusi. Mikono ilikuwa na nguvu sawa. Paji la uso upande wa kulia halikujikunja hata kidogo.

"Si kiharusi, hicho kwa kawaida hakizuii paji la uso. Dawa imepita nyuma mno, imelaza mshipa wa fahamu wa uso. Itaisha baada ya saa chache. Lifunike jicho lisikauke, ukae naye. Jino hatuling'oi leo."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa nne. Kila baada ya muda Chiriku aliinua kitambaa.

"Jaribu, shangazi."

Wapi.

"Mume wangu analalamika miaka yote kwamba nalala jicho moja wazi," shangazi alisema. "Leo atashinda kesi."

Chiriku alishindwa kucheka. Ilipofika saa sita, shangazi alimshika mkono.

"Na lisipofumba, mwanangu?"

"Mwalimu amesema litafumba."

"Nimekuuliza wewe."

"Naogopa, shangazi. Naogopa sana."

"Basi tuko wawili."

Saa saba na nusu ukope ulitikisika, ukashuka nusu, ukasita. Halafu jicho likafumba. Shangazi hakuyafumbua macho yake kwa muda mrefu, na machozi yalimtoka kwenye yote mawili.

Wiki iliyofuata mwalimu alimchoma shangazi sindano mwenyewe. Chiriku alisimama pembeni, akihesabu hatua kimya kimya mpaka mwalimu aliposema, "Mfupa huu hapa."