Mpakato Aliyekuja Kupakatwa

Nimeota usiku wa kuamkia leo, na nililala nikiwa na akili zangu zote, zile nilizotoka nazo darasa la tano.

Jana jioni fundi Ambakisye alinieleza habari za kompyuta nusu saa nzima. "Kesho asubuhi nafuata mzigo, Sekela. Unataka mpakato ya bei nafuu, au nikuundie ya mezani?" Kila alipopumua nilisema "ndiyo". Sikuelewa hata neno moja, ila niliona haya kusema. Hela yenyewe nimeipata kwa kusuka watu nywele miaka miwili, na nikikosea hapa basi, sina nyingine. Ninachotaka ni gemu ya kuendesha mabasi. Mimi, ambaye nikipanda gari napitishwa kituo kwa kushindwa kusema "shusha".

Sasa ndotoni niko saluni, nasuka. Nachungulia niliyemshika kichwa: ni kompyuta ya mezani. Nywele zake ni nyaya.

"Unavuta," inasema.

"Samahani."

"Twende kwenu. Mimi ni wa mezani. Kuna chakula gani?"

Hapo hapo tuko nyumbani. Kumbe ya kuundwa haiji peke yake, inakuja vipande vipande na kila kipande kinataka kiti. Skrini kakaa kichwa cha meza. Feni anapuliza mchuzi wa wenzake. Kipanya kakaa karibu na dagaa, na hakuna anayemwambia kitu. Mama anawanawisha mikono wasiokuwa na mikono.

"Na wewe, baba, ni nani?" anamuuliza mmoja mwembamba.

"Mimi ni Kadi."

"Ya harusi ya nani? Singo au dabo, ya mtu mmoja au wawili?"

"Kadi ya picha, mama."

"Haya, kula kwanza. Picha tutapiga baadaye."

Kasha, ambaye ndiye mnene wao, ananigeukia. "Dada, ulimwambia fundi kwamba umeme wenu haukatiki?"

"Ndiyo."

"Na ukikatika?"

"Ndiyo."

Mama ananitazama. "Sekela, hiyo ndiyo ya nini?"

Umeme unakatika. Wageni wote wanalala palepale, nyuso kwenye ugali. Mama anaanza kutoa vyombo, maana hakuna namna.

Mlango unagongwa. Kasimama mpakato, kajifunga khanga.

"Mimi nina betri yangu," anasema. "Nimekuja kupakatwa."

"Kupakatwa kweli?"

"Jina langu nani?"

Nikakaa, nikampakata. Ana joto kama mtoto mwenye homa. Ananiambia kumbukumbu yake ni nane tu.

"Nane nini?"

"Mambo manane. Nitajie."

Nikamtajia jina langu, mama, saluni, mafuta ya nywele, nikaendelea hadi nane. La tisa nikataja mabasi. Akanikodolea macho. "Samahani, dada, wewe ni nani?"

Lakini mabasi kayashika. Sebule inakuwa basi, usukani uko mbele yangu, mpakato bado yuko mapajani. Abiria wote ni wateja wangu, wamesukwa nusu kichwa. Nakanyaga mafuta. Basi linakwenda hatua moja, linasimama kufikiri. Hatua nyingine, linafikiri tena. Kuku anatupita. Anarudi kuangalia kama tuna shida.

"Dereva, gari gani hili?" anafoka mama mmoja wa nyuma. "Si bora ungenimalizia nywele!"

"Mwacheni, kazoea kuchana, hajazoea gia."

"Dereva, mtoto anaungua huyo!"

Ni kweli. Mpakato anachemka, mapaja yananiuma, na mara anaanza kulia. Si mlio wa mashine. Analia kitoto, mpaka anakwama pumzi.

"Chagua!" basi zima linapiga kelele. "Mpakato au mezani?"

"Ndiyo," nasema.

Wanacheka mpaka basi linatembea lenyewe. "Ndiyo ipi?"

Mtoto anazidi kulia. Sijui sauti ilitoka wapi, maana mimi sikuwa nayo.

"Sijaelewa! Sikuelewa tangu mwanzo! Nieleze upya, taratibu, kama mtu wa darasa la tano!"

Abiria wanashuka mmoja mmoja, kwa adabu. Wa mwisho ananigusa bega. "Hata sisi hatukuelewa, dada. Tulikuwa tunapiga kelele tu."

Nikaamka. Kumekucha, simu iko mkononi. Nimemtumia fundi Ambakisye ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja. Mimi, ambaye hata mama yangu namwandikia. Nilitamani kuingia chini ya godoro na kuhamia huko.

Alikuwa ameshajibu kwa maandishi: "Hamna shida Sekela, bora umesema. Safari nasogeza, njoo saa nne nikueleze polepole. Ila sikujua una mtoto. Mbembeleze kwanza, analia mno."

Nyumbani kwetu tuko wawili tu, mimi na mama.