Folda ya Takataka

Mzee hakuwahi kunipigia simu tangu nilipoacha kazi pale redioni, kwa hiyo nilipoona jina lake nikajua kuna jambo.

"Binti yangu, seva imegoma. Njoo, tafadhali."

Miaka yote aliyokuwa bosi wangu sikuwahi kumsikia akisema tafadhali. Nilikwenda mbio.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kile kile: mablanketi ya kuzuia mwangwi ukutani, kiti chenye mguu uliotegewa tofali, seva ikinguruma kwenye kona na harufu yake ya vumbi lenye joto. Nilisimama mlangoni. Humu niliutumia ujana wangu, na nilikuwa na furaha kuliko nilivyodhani wakati ule.

Humu ndimo mke wa Mzee, ambaye mji mzima ulimwita Mama wa Saa Kumi, alirekodi kipindi chake cha watoto. Kanda zilikuwa haba. Kipindi kikishahamishiwa kwenye seva, tulirekodi kingine juu ya kanda ile ile. Sasa Mama ametangulia mbele ya haki, na sauti yake imebaki kwenye diski moja tu, ya seva hiyo hiyo iliyogoma.

Ujumbe kwenye skrini ulisema mfumo wa mafaili umejifunga: kusoma ruhusa, kuandika hakuna.

"Imejaa," Mzee alisema, kwa uhakika wake ule ule wa zamani.

Nikaangalia nafasi. Nusu nzima ilikuwa tupu. Nikabadilisha kebo, nikawasha upya, ujumbe ukarudi. Nikafungua kumbukumbu za makosa, nikaona seva inalalamikia sehemu zile zile za diski kila mara. Nikatega sikio. Tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Diski ilikuwa inakata roho.

Chini ya skrini kulikuwa na swali: irekebishwe, ndiyo au hapana? Mzee akanyoosha kidole.

"Mzee, kwa heshima zote, toa mkono!"

"Si inaomba yenyewe kurekebishwa?"

"Kurekebisha ni kuandika. Kusoma kwenyewe kunaishinda, ukiiruhusu iandike itakoroga hata kilichobaki. Kwanza tunakili, halafu turekebishe nakala."

"Mbishi wewe, hujabadilika."

"Nilifundishwa na nani?"

Akacheka kidogo. Nikachomeka diski mpya, nikaanza kunakili: sehemu zilizo nzima kwanza, zile mbovu tutazirudia baadaye. Ikabaki kusubiri. Mzee alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Picha zake ninazo," alisema. "Ila kicheko chake kimenitoka kichwani. Najitahidi kukikumbuka, wapi! Nataka nikisikie tu, basi."

Nami nilikuwa nikikitafuta kichwani, nikashindwa.

Diski ilikufa kabla hatujazimaliza zile sehemu mbovu. Nikarekebisha nakala, nikaanza kufungua vipindi. Kimoja kikakwaruza, kingine kikakatika katikati ya salamu, vingine vikawa kimya kitupu. Mzee akavaa miwani yake na kuanza kutafuta kofia, ilhali ilikuwa kichwani.

"Ngoja kwanza," nikasema. Kulikuwa na folda nyingine, nami ndiye niliyeiita Takataka.

Kabla ya kila kipindi, Mama alikuwa akijaribu maikrofoni kwa porojo. Kazi yangu ilikuwa kuzikata porojo hizo zisiende hewani. Nilizikata, lakini sikuzitupa, kwa sababu zilinivunja mbavu.

"Nilisema hizo zifutwe," Mzee akanikumbusha.

"Ulisema, Mzee."

Nikafungua ya kwanza. Ikafunguka bila mkwaruzo wowote.

"Moja, mbili, tatu. Binti, nasikika? Haya. Bosi wako jana kakoroma mpaka paka kahama chumba. Na ukimuuliza, atakuapia kwamba hakoromi."

Kisha kile kicheko, kizima, mpaka pale kinapoishia kwenye kikohozi.

Mzee aliinamia spika. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Yangu nayo yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Sikoromi mimi," akaiambia spika.

Spika ikanyamaza. Akavuta kile kiti cha tofali, akakaa.

"Irudishe, binti yangu. Sijamalizana naye."